Tunacheka Kosa Lisilo Lenyewe

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, mtu akiandika "your welcome" badala ya "you're welcome", basi amekwisha. Watamcheka mpaka jioni. Mimi naona kicheko hicho kimekosea njia. Maneno hayo mawili yanasikika sawa, ndo maana hata waliozaliwa na Kiingereza wanayachanganya kila siku. Ile "it's" ya umiliki, ambayo leo inahesabiwa kosa, Waingereza wa karne ya 17 waliichapisha vitabuni. Na msomaji anaelewa tu, hakuna kinachopotea.

Kosa la kuogopa ni lingine, na hilo halichekwi kwa sababu halionekani. Kiswahili kinasema "alikuja", awe mama, awe baba. Kifaransa tulichosomea Kongo nacho kinasema "son mari" kwa mume wa mwanamke. Ndo hapo mtu anaandika "Mama and his husband", na sisi tunapita bila kushtuka.

Sasa peleka kosa hilo kwenye maelezo ya kesi: "My sister was sick. He died on the road." Msomaji wa kwetu analia na mwandishi. Afisa anauliza: huyu mwanaume wa pili ametoka wapi? Dada mmoja amekuwa watu wawili, na ukweli wote unaanza kutiliwa shaka.

Kwa hiyo jamani, wasahihishaji wa magrupu, "your" iacheni ipumzike. Tufundishaneni "he" na "she" kwanza.