Anwani si Mahali: Uhakiki wa Waraka wa Ramani ya Kumbukumbu ya Linux

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa somo la tafsiri waraka mfupi kutoka katika hati zinazoambatana na msimbo wa Linux. Waraka huo unaonyesha jinsi kiini cha mfumo endeshi kinavyopanga anwani za kumbukumbu katika kompyuta za biti 64. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba kumbukumbu pepe ya mtumiaji ni terabaiti 128, na kwamba baada yake kuna shimo kubwa sana. Tulimkata alama. Pembeni mwa karatasi tulimwuliza: ni kompyuta gani yenye kumbukumbu kubwa kiasi hicho, na shimo hilo limechimbwa wapi?

Baadaye tuliurudia waraka wenyewe, tukabaini kuwa mwanafunzi alikuwa amefuata maandishi kama yalivyo. Makala haya basi ni uhakiki wa waraka huo, na kwa kiasi fulani ni uhakiki wa kalamu yetu nyekundu.

Tuanze na sifa zake. Toleo la awali lilikuwa na jina la Andi Kleen na tarehe ya Julai 2004. Lilikuwa orodha fupi ya namba za heksadesimali, na ukubwa wa sehemu nyingi ulitajwa kwa idadi ya biti. Aliyetaka kujua kwamba biti 47 ni sawa na terabaiti 128 alilazimika kupiga hesabu mwenyewe. Oktoba 2018 Ingo Molnar aliuandika upya. Sasa kuna jedwali lenye safu za mwanzo, umbali, mwisho, ukubwa na maelezo, na ukubwa unatajwa kwa vipimo ambavyo binadamu hutumia. Kwa mtazamo wetu, haya ni maendeleo ya kweli ya kiuandishi. Mwandishi alimkumbuka msomaji.

Safu ya umbali ndiyo iliyotupendeza zaidi. Sehemu za kiini zimepangwa katika ncha ya juu ya anwani, kwa hiyo umbali wake huhesabiwa kurudi nyuma kutoka kileleni, kwa namba hasi. Wanafunzi walitaabika na alama hiyo ya kutoa, ilhali Kiswahili kina neno lake tangu zamani. Tunasema saa nne kasoro dakika kumi. Vivyo hivyo, msimbo wa kiini chenyewe huanzia kilele kasoro gigabaiti 2, na nusu nzima ya kiini huanzia kilele kasoro terabaiti 128. Hatuhitaji kubuni istilahi mpya pale ambapo saa ya ukutani imekwisha kutupatia.

Sasa tuje kwenye kasoro za waraka wenyewe. Ya kwanza ni kwamba hauelezi popote kuwa namba zake ni anwani tu, wala si kumbukumbu. Ikumbukwe kwamba programu haigusi chipu za kumbukumbu moja kwa moja. Hutaja anwani, nayo prosesa huipeleka anwani hiyo kwenye majedwali yaliyotayarishwa na kiini ili kupata mahali halisi. Kazi hiyo hufanyika kwa kurasa za baiti 4096 kila moja. Katika mpango wa ngazi 4, kila ngazi hutumia biti 9 za anwani, na biti 12 za mwisho huonyesha nafasi ndani ya ukurasa. Jumla ni biti 48, yaani anwani za kutosha terabaiti 256: nusu kwa programu, nusu kwa kiini. Kompyuta yenyewe yaweza kuwa na gigabaiti 4 tu za kumbukumbu. Terabaiti 128 alizotaja mwanafunzi ni urefu wa orodha ya anwani, si wingi wa mali iliyopo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kushangazwa na jambo hili, kwa kuwa amelelewa na Sanduku la Posta. S.L.P. 25 ya Masaka si S.L.P. 25 ya Arua, ingawa namba ni ile ile. Ndivyo ilivyo kwa programu mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja: zote zaweza kutaja anwani moja, na kila moja ikapelekwa mahali pake. Kinyume chake pia ni kweli. Shule moja yaweza kupokea barua kwa masanduku mawili. Katika jedwali la Linux kuna eneo la terabaiti 64 ambalo kazi yake ni kuakisi kumbukumbu yote halisi moja kwa moja. Msimbo wa kiini, ambao una anwani zake karibu na kilele, upo pia ndani ya kumbukumbu hiyo halisi. Kwa hiyo mahali pamoja pana anwani mbili. Waraka una taarifa hizi zote katika mistari yake, lakini hauziunganishi. Anayezijua tayari ataziona, anayejifunza atapita.

Kasoro ya pili ni neno shimo. Waraka unalitumia neno moja kwa mambo matatu yaliyo tofauti. Kwanza kuna eneo kubwa kupita yote, kati ya nusu ya programu na nusu ya kiini. Hapo prosesa haikubali anwani yoyote, kwa sababu katika anwani halali biti 16 za juu lazima zifanane na biti inayozifuata. Pili kuna maeneo yaliyoachwa kwa makusudi ili yawe kinga, mfano wa ukanda usiolimwa kati ya mashamba mawili, ili anayevuka mpaka aonekane. Tatu kuna maeneo ambayo hayajapangiwa kazi. La kwanza haliwezekani, la pili limekatazwa, la tatu halina mwenyewe. Mwandishi wa waraka ameongeza sifa mbele ya neno hilo, lakini picha inayobaki akilini ni ile ile ya shimo. Sisi tunapendekeza pengo kwa la kwanza, mwanya wa kinga kwa la pili, na nafasi tupu kwa la tatu. Hapa mfasiri wa Kiswahili, akichagua vizuri, ataandika matini iliyo wazi kuliko ya asili.

Kasoro ya tatu ni mpangilio wa maonyo. Tangu toleo la 4.12 la mwaka 2017, kiini cha Linux kwenye kompyuta za aina hii huhamishwa bila mpangilio maalumu kila mashine inapowashwa, isipokuwa mwenye mashine azuie jambo hilo. Mianzo ya maeneo kadhaa makubwa nayo huweza kusogezwa, ingawa mfuatano wake haubadiliki. Lengo ni kumnyima mshambuliaji uhakika wa anwani. Hii ina maana kwamba namba nyingi za jedwali ni mfano tu, wala si hali ya mashine iliyo mbele ya msomaji. Waraka unalisema hili, lakini mwishoni, baada ya majedwali kwisha. Onyo la namna hiyo lingetangulia.

Aidha, kuna historia iliyofichwa. Kwa miaka mingi anwani za kiini ziliwekwa ndani ya majedwali ya kila programu, zikilindwa na ruhusa tu, ili programu inapoomba huduma pasiwe na haja ya kubadili majedwali. Januari 2018 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Meltdown, ambao uliwezesha programu ya kawaida kunusa kumbukumbu ya kiini licha ya ruhusa hizo. Tangu hapo, katika prosesa zenye udhaifu huo, sehemu kubwa ya kiini huondolewa kwenye majedwali wakati programu ya kawaida inapoendeshwa. Katika jedwali tulilohakiki, mabadiliko hayo yameacha mstari mmoja wenye kifupisho cha herufi tatu. Mwanafunzi aliyeutafsiri mstari huo neno kwa neno hakuwa na namna ya kujua alichokiandika.

Je, haya yanawahusu walimu wa Kiswahili? Tunaamini hivyo. Mwaka 2004, mwaka ule ule wa toleo la awali la waraka huu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, na maneno ya menyu yakapata Kiswahili chake. Hapa Uganda, Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na bado tunaulizwa kama lugha hii inaweza kubeba sayansi. Jibu halitapatikana kwa kubishania kompyuta, tarakilishi na ngamizi peke yake. Litapatikana tukiisoma matini ya kitaalamu hadi tuelewe inachosema, ndipo tuchague neno.

Kuhusu kumbukumbu pepe, rai yetu ni kwamba tuiache. Kivumishi hiki kimezoeleka katika barua pepe, lakini hapa kinamfanya msomaji adhani kuna kumbukumbu ya aina ya pili, nyepesi kama upepo. Kumbukumbu ni ile iliyomo katika chipu. Kilicho cha kudhaniwa ni anwani. Tukisema anwani dhahania, na ramani ya anwani dhahania, sehemu kubwa ya utata tulioueleza inaondoka yenyewe.

Mwanafunzi wetu tumemrudishia alama zake. Tumemwomba pia aitafsiri upya, safari hii kwa ruhusa ya kuongeza sentensi moja ambayo waraka wa asili hauna: kwamba anwani si mahali.