Kisima na Majina: Fahari ya Kwao katika Tamthilia Mbili za Kithaka wa Mberia

Wahakiki wa Kifo Kisimani (2001) wameiona zaidi kama kioo cha utawala wa kidikteta nchini Kenya. Maoni hayo hatuyapingi. Mtemi Bokono anayewakandamiza watu wa Butangi, na Mwelusi anayefungwa kwa kuwatetea, ni picha ambazo msomaji yeyote wa miaka ile alizitambua mara moja. Lakini kwa nini kisima? Kwa nini si shamba, au kiwanda?

Mwandishi huyu ni mzaliwa wa Tharaka, kwenye nyanda kavu zilizo chini ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Meru hadi mwaka 1992. Mito ya Kathita na Mutonga huanzia juu, penye mvua, chai na kahawa, kisha hupita Tharaka ikielekea Tana. Mtu wa huko hahitaji kufundishwa kwamba maji yana wenyewe, na kwamba wa juu hunywa kwanza. Hapa ndipo tunapoiona fahari ya kwao katika tamthilia hii. Haimo katika ngoma wala matambiko, ambayo waandishi wetu wengi huyakimbilia, bali katika ujuzi wa kiu. Umoja wa wavujajasho wa Butangi nao haujengwi juu ya damu. Unajengwa juu ya mahitaji yao ya kila siku. Damu, kinyume chake, ndiyo inayosaliti: mkono unaomwua Mwelusi kisimani ni wa nduguye Gege, aliyelaghaiwa na tabaka tawala kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtemi. Chuki imepandwa nyumbani na watu wa ikulu.

Sasa tuyatazame majina. Butangi, Bokono, Mwelusi: hakuna awezaye kuyashika na kusema, "Hawa ni wale." Katika nchi iliyokwisha kuona mapigano ya Bonde la Ufa ya 1991 na 1992, na yale ya Likoni mwaka 1997, kuyabuni majina yasiyo na kabila ni msimamo wa kisiasa. Mtazamaji wa Embu na yule wa Kisumu wanaketi mbele ya jukwaa moja, wala hapana anayetukanwa. (Nasi tukumbuke kwamba hata Watharaka na jirani zao wa Tigania wamewahi kugombania mipaka.)

Mbinu hiyo hiyo, hata hivyo, haifaulu kwa kiasi kile kile katika Maua kwenye Jua la Asubuhi (2004), tamthilia inayokabili chuki ya kikabila waziwazi. Udhalimu wa mtemi waweza kuelezwa bila jina la kabila, kwa kuwa mtemi humnyima kila mtu maji. Chuki ya jirani kwa jirani huishi kwa majina: kwa lafudhi, kwa kejeli za sokoni, kwa lile neno analoitwa mgeni aliyenunua shamba. Yakiondolewa hayo, kinachobaki ni makabila mawili ya kubuni ambayo mtazamaji anaweza kuyahurumia bila kujiona miongoni mwao. Anarudi nyumbani Chuka au Runyenjes akiwa ameguswa, lakini jirani yake bado anamwita kwa lile jina la zamani.