Sentimita 4.6 Kutoka Ardhini

Gari lenyewe ni mfano mdogo wa Land Rover ya jeshi, ule muundo mrefu wa inchi 109, na linaenea kiganjani. Katika picha limesimama kando ya barabara ya vumbi. Nyuma yake kuna shamba la miwa, na mbali zaidi miinuko ya Nandi. Niliipiga Muhoroni asubuhi moja ya Disemba, na wanaoiona huniuliza ni kambi gani. Wengi hudhani siri ni udogo wa bolti na usahihi wa taa. Siyo hiyo.

Kipimo ni 1:35, kilichoenezwa na Tamiya ya Japani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipotoa kifaru cha Panther chenye nafasi ya kutosha mota na betri. Kwa kipimo hicho, sentimita 277 kati ya ekseli mbili hugeuka 7.9. Gurudumu la sentimita 80 huwa 2.3, yangu niliyakata kutoka malapa makuukuu nikayapiga msasa. Bodi ni kopo la soda lililogandishwa juu ya katoni.

Kopo nililichagua kwa makusudi. Bodi ya Land Rover halisi ya muundo huo ni ya alumini, na alumini haishiki kutu nyekundu. Rangi ikichubuka kwenye kona, panang'aa kama fedha. Kutu hukaa kwenye chasisi, kwenye bampa, na kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Nimeona kazi za miezi mingi, za mikono hodari kabisa, zikiharibiwa na kutu iliyopakwa milangoni, na huniuma kweli. Mimi nilikwaruza rangi kwa ncha ya wembe tu, alumini ikajitokeza yenyewe.

Uchafu nilifundishwa na matrekta ya miwa. Litazame moja likielekea kiwandani baada ya mvua: udongo mweusi unaonata umejaa nyuma ya madigadi, pa kukanyagia pamesuguka, na karibu na kishikio cha mlango pamefutwa na mikono. Juu kabisa kuna vumbi jepesi, si tope. Nilitumia udongo uleule. Lakini punje ya milimita moja, mbele ya gari hili, ni jiwe la sentimita 3.5, kwa hiyo niliuchekecha mara tatu kwa soksi nyembamba.

Pamoja na hayo yote, picha za kwanza zilikuwa za kitu cha kuchezea. Nilikuwa nimeweka ubao wenye gari na barabara yake juu ya meza ya kawaida, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Jicho la mtu mzima aliyesimama liko kama mita 1.6 juu ya ardhi. Gawanya kwa 35, unapata sentimita 4.6. Lenzi yangu ilikuwa kwenye kimo hicho juu ya ubao, sawa, lakini juu ya ardhi ya kweli ilikuwa sentimita 80 tu. Gari lilitazamwa na mtu mzima, miwa ikatazamwa na aliyechuchumaa. Mtazamaji hajui kasoro iko wapi, ila macho yake yanakataa.

Dawa ilikuwa kuinua ubao hadi karibu mita 1.55: pipa, kreti mbili za soda na vipande vya mbao. Simu niliigeuza kichwa chini ili lenzi ishuke. Sasa hesabu mbili zikakubaliana. Ukingo wa ubao ulikuwa sentimita 60 kutoka kwenye lenzi, na mstari wa jicho unaopita ukingoni hapo hugusa ardhi ya kweli umbali wa mita 21, yaani 60 mara 35. Kilicho karibu zaidi ya hapo hufichwa na ubao. Barabara yangu ya sentimita 14 ikaishia pale ambapo barabara ya kweli ya mita 5 ilianzia, zikawa moja. Mmarekani Michael Paul Smith aliujenga mji wake wa Elgin Park kwa njia ya namna hii, kwa magari ya 1:24 yaliyopangwa mbele ya majengo halisi.

Taa ilikuwa jua peke yake. Balbu iliyo karibu hutawanya vivuli. Jua huvilaza vyote sambamba. Disemba jua hupita kusini, nami nilielekea kaskazini. Muhoroni iko karibu na ikweta na jua hupanda upesi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi tu kabla kivuli hakijajikunja chini ya gari. Nilipiga picha mbili bila kuisogeza simu, moja nikilenga gari na nyingine miwa, kisha nikaziunganisha.

Nilitaka pia vumbi nyuma ya magurudumu. Nilipuliza kwa mrija mara nyingi, nikashindwa kila mara. Kitu kinachoanguka kutoka kimo kilichogawanywa kwa 35 hufika chini karibu mara sita upesi zaidi, na jicho hulitambua hilo hata kwenye picha tuli: vumbi linaonekana zito, kama mchanga uliomwagwa. Maji nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana gari limesimama, injini imezimwa, mlango wa dereva uko wazi.