Fisi na Bua la Nyasi

Hadithi zetu hazimtendei haki fisi. Humo yeye ni mlafi na mjinga, yule aliyeshindwa na njia mbili. Mimi nimezoea kumtazama akiwa kazini, na kazi ninayoisema si ya kuwinda. Ni ya kupaka harufu kwenye nyasi.

Fisi madoa hapaki ovyo. Hulisogelea bua akalinusa, mara nyingi bua ambalo mwenzake amekwisha kulipaka. Kisha hulipitisha katikati ya miguu na kusonga mbele polepole, bua likiinama chini ya tumbo lake hadi lifike chini ya mkia. Hapo kifuko kilicho karibu na tundu la haja kubwa hubinuka nje, na bua linapochomoka huwa limebeba ute mzito wenye harufu kali, ambayo hata pua zetu dhaifu huipata. Watoto huanza kujifunza mapema mno: tezi zao hazijatoa kitu bado, lakini hupita juu ya mabua yale yale kwa mkao ule ule wa wakubwa.

Harufu hiyo fisi haitengenezi peke yake. Mwaka 2013 Kevin Theis, Kay Holekamp na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa Kenya kuhusu fisi madoa na fisi miraba. Waliona kwamba ndani ya kile kifuko huishi bakteria wa aina inayochachusha, na kwamba bakteria hao na harufu hutofautiana kwa pamoja: kati ya spishi moja ya fisi na nyingine, na kwa fisi madoa, kati ya dume na jike, hata kati ya jike mwenye mimba na anayenyonyesha. Taarifa hizo zote hubaki kwenye jani baada ya mwenyewe kuondoka.

Lakini fundi ninayemstahi kuliko wote ni fisi wa kahawia wa Kalahari, aliyechunguzwa na Gus Mills na Martyn Gorman. Huyu hupaka mara mbili kwenye bua moja: kwanza ute mweupe, halafu juu yake kidogo ute mweusi. Mweusi hupotea baada ya saa chache. Mweupe hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa maelezo ya watafiti hao, mweupe humwambia mgeni kwamba eneo lina wenyewe, na mweusi humjulisha ndugu kwamba hapa pamepitiwa sasa hivi, akatafute chakula kwingine. Kwa mnyama anayetafuta riziki peke yake usiku, kutorudia njia iliyokwisha kupekuliwa ni jambo kubwa.

Na fisi wanajua pa kupaka. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambako maeneo ya koo za fisi madoa ni madogo, alama huwekwa kwa wingi mipakani. Kalahari, ambako eneo moja hufikia mamia ya kilomita za mraba, mpaka wote haulindiki, hivyo alama hutawanywa ndani.

Ukienda Ngorongoro au Mara, usimwambie dereva akimbilie simba tu. Mwombe asimame penye fisi anayetembea taratibu nyasini, zima kamera, mtazame anavyochagua bua.