Kilele Kisichoandikwa: Fani ya Mwongozo wa Keekee ya Barafu

Wahakiki wetu wamezoea kupima fani katika riwaya, tamthilia na ushairi. Mwongozo wa matumizi hawaugusi, ingawa pengine umeingia katika nyumba nyingi kuliko diwani yoyote. Nimeuchagua ule unaofungwa pamoja na keekee ya umeme ya kutobolea barafu, kifaa cha wavuvi wa majira ya baridi kule Minnesota, Wisconsin, Kanada na Ufini. Mvuvi husimama juu ya ziwa lililoganda, tuseme Mille Lacs, akatoboa tundu la upana wa sentimita 15, 20 au 25, kisha akateremsha ndoano. Kazi hiyo ina mwanzo, kilele na mwisho. Mwongozo wake una mwanzo mrefu na mwisho mzuri, kilele hamna.

Kurasa za kwanza ni maonyo matupu, na maonyo hayo yana arudhi yake. Viwango vya Marekani vya ANSI Z535, vilivyotolewa kwanza mwaka 1991, hupanga tahadhari kwa ngazi. HATARI, kwa rangi nyekundu, ni jambo ambalo lisipoepukwa litaua au litajeruhi vibaya. ONYO, kwa rangi ya chungwa, ni jambo linaloweza kuua au kujeruhi vibaya. TAHADHARI, kwa manjano, inahusu jeraha dogo au la wastani. Tazama ngazi mbili za juu: msiba ni ule ule, kifo kimo kotekote. Kinachozitenganisha ni uhakika wa kitenzi, yaani “litaua” dhidi ya “linaweza kuua”. Waliobuni utaratibu huu walikuwa na sikio la lugha.

Kasoro iko kwenye wingi. Miwani ya kukinga macho, nguo zilizolegea, watoto, ulevi, mvua: kila kimoja kinatangazwa kwa sauti ile ile ya ONYO, hata msomaji anaacha kusikia. Amri moja tu ndiyo inayostahili kurudiwa, nayo ni hii: toa betri kabla ya kugusa visu. Inafaa irudi penye kuunganisha, irudi penye kubadilisha visu, irudi penye kusafisha, kwa kuwa kila mara mkono wa msomaji huwa umeshakaribia chuma. Hapo takriri ni kiitikio chenye kazi. Kwingineko ni kelele za wanasheria.

Nafsi inayosema humu haina mwili. Inaamrisha: shika, bonyeza, acha, kausha. Haijulikani ni nani anayesema, wala anayeambiwa hana glavu nzito, hana vidole vilivyokufa ganzi, hana upepo usoni. Januari ya Minnesota inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini maandishi haya hayasikii baridi. Sishangai. Utanzu huu umerithiwa kutoka kwa mashine nyingine za nyumbani, na keekee za petroli zilizotangulia ziliupa sura za kuchanganya mafuta na kuwasha injini. Petroli ilipoondoka, sura hizo zilifutwa, na nafasi yake ikajazwa maonyo mengine kuhusu betri na chaja.

Halafu tunafika kwenye kutoboa kwenyewe, ambako maneno yanaadimika ghafla. Simamisha keekee wima, shika kwa mikono miwili, bonyeza swichi, usiikandamize. Basi. Yanayotokea kati ya amri ya tatu na matokeo hayana msimulizi. Mzunguko wa bati la keekee unapandisha uji wa barafu juu, kina kinaongezeka, kisha visu vinatokeza upande wa chini. Hapo ndipo visu bapa, vile vinavyokata kwa kuparuza, huweza kung’ang’ania ukingo mwembamba uliobaki, na mashine ikataka kuzungusha mikono ya mvuvi badala ya barafu. Papo hapo maji yanapanda. Kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji kwa chini kidogo ya sehemu moja ya kumi, kwenye barafu ya sentimita 50 maji hutulia takriban sentimita 4 tu chini ya uso. Mwandishi yeyote wa hadithi angejua kwamba hapa ndipo pa kupunguza mwendo. Mwongozo unaruka moja kwa moja hadi swichi ya kurudi nyuma, ile inayosukuma uji wa barafu ushuke chini na kutoka tunduni.

Kimya kikubwa zaidi kinahusu barafu. Yenyewe si sehemu ya bidhaa, kwa hiyo haina sura yake. Linganisha na maandishi ya Idara ya Maliasili ya Minnesota, ambayo ni jedwali fupi: inchi 4 za barafu mpya iliyo safi, yaani sentimita 10 hivi, kwa mtu anayetembea kwa miguu, na barafu nyeupe huhitaji unene maradufu. Idara hiyo husema pia kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa, na humtaka mvuvi apime tena na tena anaposonga mbele. Apime kwa kifaa gani? Kwa keekee hiyo hiyo. Tundu la kwanza ni kipimo kabla halijawa mlango wa samaki, na mtengenezaji aliyejaza kurasa kwa hofu ya kila namna angeweza kulisema hilo kwa mstari mmoja.

Betri nayo imetendewa vibaya na mpangilio. Sentensi yenye thamani kuliko zote kwa aliyenunua ni kwamba betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa sababu lithiamu hujikusanya kama chuma ndani ya seli na kuiharibu kabisa. Mahali pake pa kawaida ni kwenye jedwali la vipimo, pamoja na uzito na volti, kana kwamba ni takwimu tu. Mvuvi anayerudi jioni na betri iliyoganda, akaichomeka moja kwa moja, amekosewa na mhariri kabla ya kukosewa na baridi.

Lakini mwisho umeandikwa vizuri, na sababu ni ya kifani: mfuatano wa sentensi unafuata mfuatano wa mikono. Toa betri. Futa maji. Paka visu mafuta kidogo visishike kutu. Vika kifuniko cha visu. Betri ihifadhiwe ikiwa na chaji ya kiasi cha nusu, mahali pakavu penye ubaridi wa wastani. Jedwali la matatizo nalo, lenye safu za tatizo, sababu na suluhisho, ndilo pekee linalomruhusu msomaji aulize. Keekee inazunguka lakini haikati? Visu vimekuwa butu, au vimevaa utando wa barafu baada ya kutolewa majini. Wengi hubadilisha visu vizima kwa kosa la utando huo, na wengine hugonga kichwa cha keekee juu ya barafu ili kuuvunja, wakapinda makali. Kuupasha joto kunatosha.

Minnesota ina Wakenya wengi, na miongozo hii huwafikia kwa Kiingereza. Ukiwa mmoja wao na umenunua keekee, anza na jedwali la vipimo, kisha sura ya kuhifadhi, kisha jedwali la matatizo. Maonyo yasome ukiwa nyumbani penye joto, yote, mara moja. Unene wa barafu usiutafute humo. Uliza idara ya maliasili ya jimbo lako.