Jodari katika Kitabu cha Watoto

Leo Lionni, mzaliwa wa Amsterdam aliyefanya kazi miaka mingi Marekani, alichapisha Swimmy mwaka 1963, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikatunukiwa heshima ya Caldecott kwa picha zake. Kisa chake ni chepesi. Jodari amemeza kundi zima la samaki wadogo wekundu. Amenusurika mmoja tu, mweusi. Huyo hatimaye awafundisha wekundu wengine kuogelea kwa mpango, wafanane na samaki mmoja mkubwa, naye awe jicho. Na hivyo wakubwa wakafukuzwa. Funzo ni umoja, na hapana mzazi wa pwani atakayelikataa.

Hata hivyo, yupo kiumbe aliyepunjwa. Baada ya msiba wake, samaki mweusi aizunguka bahari, na mtunzi amfungulia hazina zake: konyeza, kambakoche, mkunga, msitu wa mwani. Kila kimoja chatazamwa kwa mahaba. Jodari peke yake hakutazamwa. Aja kwa ajili ya kumeza, kisha atoweka.

Mtoto wa Unguja au Pemba humjua jodari kwa njia nyingine. Humwona amelazwa marikitini akisubiri kisu, na humla mishikakini pale Forodhani. Kwa hiyo anayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili ana mtihani. Akiandika “samaki mkubwa”, amekwepa tatizo na kuififiza picha. Akiandika “jodari”, mtoto ataona kwamba yule mlaji wa kitabuni ndiye kitoweo cha nyumbani, naye atauliza maswali. Jina na libaki, na maswali yajibiwe.

Kwani Lionni hakusema uongo. Jodari hula samaki wadogo. Ila alisema nusu. Yai la jodari wa mapezi ya njano ni la kiasi cha milimita moja tu, nalo huelea baharini bila ya mlinzi. Jike hutaga mamilioni, na walio wengi huliwa wakingali wachanga, pengine na jodari wenziwao. Achache wanaosalia huweza kufikia urefu wa mita 2. Nao hawana ruhusa ya kusimama: jodari huogelea kinywa wazi ili maji yapite mashavuni, na akizuiwa kwenda hukosa pumzi. Mbio zile zinazomtisha mtoto ukurasani ndizo uhai wake.

Kitabu hiki kinastahili kusomwa, na kusomwa tena. Lakini msomeaji na asite kidogo penye ukurasa wa jodari, amwambie mtoto kwamba huyu naye alikuwa mdogo kuliko wale wekundu, akaponea chupuchupu. Umoja wa wanyonge hautapungua kwa hilo. Na bahari ya mtoto itakuwa imeongezeka kiumbe mmoja.