Asali, Mizizi na Baridi ya Mlima

Watu wakizungumzia mvinyo wa Kenya huelekeza kidole Naivasha, na hawajakosea. Pale Morendat mizabibu imeshika ardhi ya Bonde la Ufa, mgeni huonyeshwa mashamba na mapipa kabla ya kumiminiwa, na chupa zinazotoka huko zimepewa jina la Leleshwa, kichaka chenye harufu kali ambacho majani yake morani wa Kimaasai huyabana kwapani ili wanukie vizuri. Ni mvinyo wa heshima, hasa ule mweupe. Lakini mtu akiniuliza ni wapi nchi hii imezoea kuonja kwa makini kabla ya kumeza, nitamwambia apande gari la Emali, ashuke Loitokitok, kisha aulize kwa adabu nani ana pombe ya asali.

Mji wenyewe umeegemea mteremko wa Kilimanjaro upande wa Kenya. Asubuhi kilele cha Kibo huwa juu ya mabati ya maduka, jioni mawingu yamekimeza, na usiku baridi hushuka kutoka huko juu ikapenya hata blanketi mbili. Ukitazama chini kaskazini, tambarare za Amboseli zinawaka jua. Mashariki kuna vilima vya Chyulu, kijani kibichi. Katikati yake ni mashamba ya Kimana, nyanya na vitunguu vinavyonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Kwa mnywaji mambo haya ni mandhari tu, lakini kwa mpishi wa pombe ya asali ndiyo ghala lake. Nyuki wa tambarare hunyonya maua ya migunga, na asali yao huwa nyepesi, ya rangi ya majani makavu, isiyoganda upesi. Nyuki wa juu, penye misitu na mikinduri, hutoa asali nyeusi, nzito, yenye ukali unaobaki nyuma ya ulimi. Mpishi mzuri hanunui asali kwa kilo peke yake. Huchovya kidole, hulamba, hutazama kando kama anayesikiliza, kisha husema imetoka wapi. Nimeona wauzaji wakijaribu kumdanganya mtu wa namna hiyo pale sokoni, na sikumwona aliyefaulu.

Wamaasai huiita pombe hiyo enaisho. Zamani wengi wao hawakutundika mizinga. Asali ililetwa na jirani zao wa msituni, wale walioitwa Wandorobo, wakabadilishana kwa mifugo. Wakamba nao ni mabingwa wa mizinga ya magogo, na wengi wamehamia Loitokitok pamoja na ufundi wao. Wakikuyu walikuja na muratina, pombe yao ya asali. Ndiyo maana mji huu mdogo una mikono kadhaa katika kazi moja, na mikono hiyo haikubaliani juu ya jambo la msingi kabisa: kitu gani kitiwe ili asali ichachuke.

Asali yenyewe haichachuki. Maji yake ni machache mno, chini ya sehemu moja kwa tano, na chachu haiwezi kuishi humo. Ikichanganywa na maji, mlango unafunguka. Mkikuyu hufungua kwa tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Halitafunwi na halina utamu wowote. Hupasuliwa, huanikwa, kisha huloweshwa katika pombe changa mara kadhaa mpaka nyuzi zake, zilizo wazi kama sifongo, zishibe chachu. Baada ya kila upishi vipande huoshwa, huanikwa juani na kuhifadhiwa. Vipande vizuri hutumika miaka mingi na huazimwa baina ya majirani kwa masharti makali kuliko ya mkopo wa benki. Mmaasai hutumia mzizi wa osuguroi, aina ya mshubiri inayoota penye mawe. Mzizi hukatwa, hupasuliwa na kukaushwa, nao pia hubeba chachu, ila huacha na uchungu wake. Hapo ndipo ladha mbili zinapoachana njia. Muratina ni laini, hukaribia utamu wa tunda. Enaisho ya osuguroi ina uchungu safi unaokuja mwishoni, ukiwa umeshaanza kudhani umeielewa.

Mimi niko upande wa osuguroi. Utamu wa asali ukikosa kitu cha kuupinga huchosha baada ya glasi ya pili.

Kazi ngumu zaidi huanza mchanganyiko ukishatiwa kibuyuni au mtungini. Huko Kitengela, kwenye joto, mtu anaweza kufunika mtungi akaenda zake. Loitokitok haikubali uvivu huo. Chachu hutaka vuguvugu, na usiku wa mlimani huipiga ganzi. Kwa hiyo kibuyu huwekwa karibu na mafiga, si mno, kisha hugeuzwa ili upande uliopoa upate zamu yake. Moto ukizidi, pombe hukimbia, huwa kali na kuacha harufu ya siki. Moto ukipungua, hulala, utamu ukabaki ule ule wa jana. Mama mmoja wa upande wa Illasit, ambaye nikienda kwake humwita yeyo kama wanavyomwita wanawe, huinamisha sikio mdomoni mwa kibuyu kabla hajaonja. Povu lina sauti. Siku ya kwanza ni kama mchanga unaomwagika polepole, ikikolea, huwa haraka na kavu, kisha hupungua. Akisikia imeanza kupungua, huchota kidogo kwa kata, huinusa, huonja, hutema. "Onja kwanza, mwanangu," aliniambia nilipoanza kusifu harufu. "Sifa zina siku yake."

Kinachonivutia ni huko kutema. Kwenye kumbi za Nairobi zinazoandaa maonjo ya mvinyo, wageni hupewa ndoo ya kutemea na wengi huitazama kwa aibu. Hapa mpishi hutema bila kufikiri, kwa sababu ulimi ndio kipimo chake na kipimo hakilewi. Huonja mara nyingi mpaka apate ile saa ambapo utamu umepungua vya kutosha na ukali haujatawala. Saa hiyo ikipita hairudi.

Mwaka 1904 Moritz Merker, afisa wa Kijerumani aliyekaa Moshi, upande wa pili wa mlima huu, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Wamaasai. Alieleza humo kwamba mvinyo wa asali ulipotakiwa kupikwa, waliteuliwa mwanamume na mwanamke wasiokutana kimwili kwa siku mbili, wakatengewa kibanda, na wakaendelea kujizuia mpaka pombe ilipoiva, siku kama sita. Wakivunja mwiko, pombe isingenyweka na nyuki walioitoa asali ile wangehama. Msomaji wa leo anaweza kucheka. Mimi naona pale sheria ya kazi iliyoandikwa kwa lugha ya mwiko: watu wawili wamefungwa karibu na mtungi kwa siku sita, mawazo yao hayana pengine pa kwenda, na wanajua kwamba uzembe wao utafika mpaka kwenye mzinga. Sijui kiwanda kilicho na kanuni kali zaidi ya ubora.

Na pombe hiyo haikupikwa ili kupoteza jioni. Ilihitajika kwenye posa, kwenye tohara, kwenye kupokezana rika. Sherehe za Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, zina wazee wanaobariki, na pombe ya asali ni mojawapo ya vitu vya baraka. Mzee huchukua funda, hulirusha kwa midomo likawa manyunyu juu ya vijana, akasema maneno yake. Morani wenyewe hawakuruhusiwa kunywa. Pombe ilikuwa ya waliokwisha kuwa wazee. Kwa hiyo mtu alifika kwenye kibuyu akiwa na umri wa kuonja, amewahi kuinusa kwa miaka mingi bila kuigusa. Hiyo ni shule ndefu ya pua.

Kajiado, kaunti ya Loitokitok, haikosi zabibu pia, kwa wale wasioweza kuita kitu mvinyo mpaka waone zabibu. Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale aliyefariki Januari 2022, alipanda mizabibu ya Pinot Noir juu ya ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Ngong, mahali ambapo upepo hauna huruma. Ulaya mzabibu hulazwa na majira ya baridi. Karibu na ikweta hakuna wa kuulaza, basi mkulima huulaza kwa makasi, anaupogoa mpaka unaonekana umekufa, kisha anausubiri uamke. Dodoma, walikoanzisha zabibu wamisionari Wakatoliki, wakulima wamegeuza tabu hiyo kuwa faida: wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo mwekundu wa Dodoma una utamu unaowakera wajuzi na kuwafurahisha watu wa kawaida, nami kwenye jambo hili ni mtu wa kawaida, hasa chupa ikiwa imepoa. Wakulima hao wote wanafanya anachofanya yule mama wa Illasit, kubishana na hali ya hewa ya mahali pao, na mabishano hayo husikika kwenye glasi.

Sasa chakula. Mbuzi wa kuchoma ndiye mwenzi wa haki wa enaisho, na hasa mbavu, penye mafuta yanayodondokea makaa. Mafuta hufunika ulimi. Uchungu wa osuguroi na uchachu wa asali iliyoiva huyakata, ulimi ukawa mpya kwa kipande kinachofuata. Moshi wa nyama hukutana na moshi wa kibuyu, kwa maana vibuyu vingi husafishwa kwa kijinga cha moto. Chumvi iwe kidogo. Kachumbari yenye pilipili nyingi huiua enaisho papo hapo, na ningependa hoteli za Kitengela zinisikie juu ya hilo, ingawa najua hazitanisikia. Mutura, wenye damu na viungo, unataka muratina, si enaisho, kwa sababu unahitaji kitu kitamu cha kuutuliza. Maini yaliyopitishwa motoni haraka hunywewa mvinyo mwekundu wa Dodoma, na mtu asiogope ule utamu. Leleshwa nyeupe niliwahi kuijaribu na kuku wa kienyeji wa kuchemsha, ikakaa vizuri kuliko na nyama yoyote ya kuchoma. Maziwa lala na pombe ya asali visiwekwe meza moja. Hilo halina mjadala.

Ng'ambo ya mpaka, Tarakea na Rombo, kuna mbege. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huunganishwa na uji wa ulezi na kutiwa gome la msesewe ili ipate uchungu. Tazama jinsi mlima mmoja ulivyowapa watu wa pande mbili wazo lile lile: huku mzizi mchungu, kule gome chungu, ili utamu usiachwe peke yake. Mbege ni nzito, inashibisha, karibu ni chakula. Ukiinywa pamoja na mtori utaamka kesho. Iandamane na nyama kavu iliyokaukia makaa, tena kidogo.

Kinachoiharibu kazi hii siku hizi ni sukari. Ukame uliokausha Kajiado mwaka 2022 uliwafukuza nyuki kama ulivyowaangusha ng'ombe, asali ikawa adimu na ghali, na wapishi wenye haraka wakajaza pengo kwa sukari ya dukani. Sukari huchachuka upesi na kulewesha vizuri, lakini haina maua ndani yake. Pombe ya namna hiyo ina ladha moja tu popote inapopikwa, Loitokitok au Ngong, na mnywaji anayetafuta kulewa haoni tofauti. Sheria nayo haibagui. Kuuza bila leseni ni kosa, awe ni mpishi wa enaisho ya siku sita au mtu anayechanganya vitu vya kuua watu gizani, na mara nyingi polisi wakimwaga, humwaga vyote kwenye mtaro mmoja. Sisemi leseni iondolewe. Nasema aliyeandika fomu angewahi kuonja, angeweka safu mbili.

Anayetaka kuonja na aende kwa majira. Ukanda huu hutegemea sana mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba. Migunga hunywa, huchanua, nyuki hurudi kwenye mizinga, na kufikia Januari na Februari warina asali wanashuka na ndoo zilizojaa. Ni miezi hiyo hiyo ambapo mbuzi, waliokula majani ya mvua ile ile, wamenenepa mbavuni. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba hiki kiliwe na kile. Mvua ndiyo imepanga, na meza ya Loitokitok inafuata. Ukifika Agosti utapewa pombe, na utapewa nyama, lakini pombe itakuwa ya asali ya akiba na mbuzi atakuwa mifupa. Enaisho iliyofikia saa yake hudumu siku moja au mbili kabla haijageuka kali, haivumilii chupa wala mtikisiko wa barabara ya Emali, kwa hiyo wa Nairobi asisubiri kuletewa. Aje Februari, abebe sweta, na mchana asile sana.